Mshono wa Jina la Terzian

Kwenye mlango wa nyumba niliyopanga chumba Addis Ababa palikuwa na kibati cha shaba kilichochongwa neno moja: Terzian. Mwaka huo ulikuwa 2013, na mwenye nyumba alikuwa bibi wa miaka 82. Mtaa mzima wa Piassa ulimwita Emama, ndivyo Waamhara wanavyomwita mama mtu mzima wa kuheshimiwa, nami nikafuata. Alizaliwa papo hapo Addis kwa wazazi Waarmenia, na baraza yake ya mbao ilitazamana na njia inayokwenda kanisa la Surp Kevork.

Kwenye kitambulisho chake cha Ethiopia neno Terzian halimo. Mna jina lake, la baba yake na la babu yake, basi, maana Waethiopia hawana jina la ukoo. Siku aliponionyesha nilijihisi niko kwetu Unguja, ambako mtu ni fulani bin fulani bin fulani, na jina la ukoo wengi wetu tulilijua siku tuliyojaza fomu ya pasi. La kwangu ni jina la babu mzaa baba. Yeye mwenyewe aliishi na kufa bila kujua kuwa karani angekuja kulikata jina lake na kuwabandika wajukuu.

"Lije," Emama aliniambia jioni moja, yaani mwanangu, "wewe kazi yako ni maneno. Basi niambie hili la mlangoni limetoka wapi, kabla sijamfuata baba aliko."

Mimi ni mkalimani wa mikutano. Nilikubali upesi kuliko nilivyopaswa.

Sehemu ya pili ya jina ilikuwa nyepesi. Ule mwisho wa -ian umo katika majina mengi ya Kiarmenia, na asili yake ni -eants ya Kiarmenia cha kale, yenye maana ya watu wa nyumba ya fulani. Kiswahili tunalo neno lake kamili: akina. Petrosian ni akina Petro. Mtu akitoka Yerevan utaliona jina lake limeandikwa -yan, kwa sababu tahajia ilibadilishwa chini ya Wasovieti mwaka 1922. Akitoka Beirut, Marseille au Addis, litabaki -ian. Huko Syunik, kusini mwa Armenia, wapo ambao majina yao bado yanaishia -unts au -ents. Na Waarmenia waliobaki Uturuki walipofikiwa na sheria ya majina ya ukoo ya mwaka 1934, iliyofuatiwa na kanuni zilizokataza miisho ya kigeni, wengi waliikosa -ian yao wakabaki na kipande cha mbele peke yake. Kwa hiyo watu wa tumbo moja wanaweza kuwa Terzian, Terzyan na Terzi kwa sababu tu ya mpaka ambao kila mmoja aliangukia.

Kipande cha mbele ndicho kilichonishika. Emama alikuwa na orodha ya simu za jumuiya yao iliyopigwa taipu miaka ya 1960, wakati Waarmenia wa Ethiopia walikuwa zaidi ya elfu moja. Siku hizi hawafiki mia. Nilianza kuisoma kama mtu anayepitisha muda, na ghafla nikawa naisikia lugha yangu. Kahvejian: akina muuza kahawa. Sabunjian: akina mtengeneza sabuni. Sarrafian: akina mbadili fedha, na sisi sarafu tunazo mfukoni. Hekimian: akina tabibu, neno lililo ndugu na hekima yetu. Hajian: akina haji, na haji huyu ni Mkristo aliyekwenda Jerusalem kuzuru kaburi la Yesu, akarudi kwao anaitwa haji na jirani zake wote, Waislamu na Wakristo. Mtu aliyepita chuoni utotoni akajifunza Kiarabu kidogo angeitambua Najarian bila kuambiwa: seremala.

Ilinichukua muda kuelewa maana yake. Waarmenia wale waliishi karne nyingi chini ya dola ya Waosmani. Sokoni lugha ilikuwa Kituruki, na Kituruki kilikuwa kimekopa Kiarabu na Kiajemi kwa mikono miwili. Mtu alipopewa jina la kazi yake, alipewa kwa lugha ya soko. Nyumbani wakaongeza -ian. Majina yale yalishonwa kwa vitambaa viwili, na ukipitisha kidole utaugusa mshono.

Hata historia ya mji ule ningeweza kuisoma kwa majina hayo. Wapigapicha wa ikulu, kuanzia enzi za Menelik II hadi za Haile Selassie, walikuwa akina Boyadjian, na boyaji ni mtia rangi. Mwaka 1924 Ras Tafari, kabla hajawa mfalme Haile Selassie, aliwakuta katika monasteri ya Waarmenia Jerusalem vijana yatima waliokuwa na bendi ya tarumbeta, akawaleta arobaini Addis. Wakaitwa Arba Lijoch, watoto arobaini. Nasi tunaosema arobaini hatuhitaji mkalimani hapo. Mwalimu wao wa muziki, Kevork Nalbandian, mzaliwa wa Aintab, ndiye aliyetunga wimbo wa taifa wa Ethiopia uliopigwa hadi ufalme ulipoangushwa miaka ya 1970. Nalband ni fundi anayewapigilia farasi viatu vya chuma.

Na terzi ni mshona nguo. Hilo nililipata kwenye kamusi ya kwanza niliyofungua. Nikamwambia Emama, akanitazama kwa upole wa mtu aliyetarajia zaidi.

"Hilo nalijua, lije. Baba alikuwa fundi nguo, na baba yake pia. Nakuuliza ni fundi yupi."

Hapo ndipo nilipokosea, na kosa lile linaniuma mpaka leo. Mtu yeyote aliyesoma historia ya Addis anamjua Sarkis Terzian, mfanyabiashara Mwarmenia wa enzi za Menelik, aliyeleta mtambo wa mvuke wa kushindilia barabara karne ya 20 ilipoanza. Watu wa Addis waliuita babur ya Sarkis. Nikaona jina ni moja, mji ni mmoja, jumuiya ni ndogo. Nikajumlisha. Nikaingia maktaba siku mbili, nikatoka na kurasa nilizonakili, nikampelekea Emama nikiwa na furaha ya mwindaji. Aliamini. Aliwapigia simu binamu zake Montreal na Marseille, akawaeleza kwamba wanatokana na mtu aliyeaminiwa na mfalme. Kwa wiki nzima alivaa bangili zake za dhahabu kunywa kahawa ya asubuhi.

Aliyenisahihisha ni mzee mmoja wa kanisani, tena kwa swali moja tu: "Watu wake wametoka mji gani?" Waarmenia wengi wa Ethiopia walitoka miji miwili, Arapgir na Aintab. Yule mfanyabiashara mashuhuri alikuwa wa Arapgir. Watu wa Emama ni wa Aintab. Kati ya miji hiyo kuna mwendo wa siku nyingi wa nyumbu na milima katikati. Mzee akanifafanulia bila kunilaumu: kila mji wa Waosmani ulikuwa na washona nguo, na kila mshona nguo Mwarmenia angeweza kuacha akina Terzian nyuma yake, mmoja asimjue mwingine. Jina la kazi halikusanyi damu. Ni kama kuwadhania wote wanaoitwa Fundi pwani yetu kuwa ni watoto wa baba mmoja.

Nilipomweleza Emama alivua bangili polepole, akaziweka juu ya meza. Hakunigombeza. Aliniambia tu kwamba sasa itabidi awapigie simu tena.

Baada ya hapo niliapa kutompelekea kitu ambacho sijakihakikisha. Ndiyo maana binamu wa Montreal alipokuja na nadharia yake niliipokea kwa tahadhari. Yeye alisoma mahali kwamba Ter, au Der kwa matamshi ya Waarmenia wa magharibi, ni cheo cha kasisi, na familia nyingi zenye Ter mbele ya jina zinatokana na kasisi aliyeoa. Hilo ni kweli. Akataka Terzian iwe Ter-Zian, na ukoo uwe wa makasisi. Kwa herufi za Kilatini hoja yake ilikuwa haina tundu. Nikampelekea swali lile shemasi wa Surp Kevork, kijana mzaliwa wa Addis, naye akachukua kalamu akaandika majina mawili sambamba. Kiarmenia kina herufi zake chenyewe, alizozibuni Mesrop Mashtots mwaka 405, na herufi zenye sauti ya jamii ya t na d ni tatu. Ter ya kasisi huanza na moja, Terzian huanza na nyingine. Ukiziandika kwa Kilatini zinavaa kanzu moja. Ukizirudisha kwao kila moja inakwenda nyumbani kwake. Nadharia ya Montreal ilimalizika kwa kalamu ya risasi, kwenye bahasha ya mkate.

Shemasi huyo huyo ndiye aliyetaja Biblia.

Ilikuwa kwenye kabati la Emama, imefungwa kwa shuka. Kubwa, jalada la ngozi lililopasuka uti, na kurasa mbili za mwanzo zilizojaa maandishi ya mkono. Babu yake aliibeba kutoka Aintab. Shemasi alikuwa ameiona miaka kadhaa nyuma, na kabla yake waliiona wengine, na wote walisema neno moja: herufi ni za Kiarmenia, tena za mwandiko mzuri, lakini maneno si Kiarmenia. Hayana maana. Marehemu kaka yake Emama aliamini mpaka kufa kwake kwamba ni fumbo linalotaja mahali babu alipozika dhahabu.

Nilipoisikia habari hiyo moyo ulinidunda, na sababu yake iko Unguja. Kwetu kuna barua tatu ambazo babu alituma kutoka Mikindani, Kiswahili kitupu kwa herufi za Kiarabu, ndivyo watu wa rika lake walivyofundishwa kuandika. Mimi herufi hizo nazisoma kwa kujikongoja. Siku moja pale kazini nilimpa mwenzangu, mkalimani wa Kiarabu kutoka Sudan, picha ya barua moja. Aliitazama, akasema hii si Kiarabu, haina maana. Nikamwomba aisome tu kwa sauti. Akasoma kwa mwendo wake mzuri, haelewi hata neno, na mimi niliyesimama pembeni nikaanza kumsikia babu. Palikuwa na makosa, kwa kuwa Kiarabu hakina herufi ya p: kila babu alipotaja papa wa kukausha, Msudani alisoma baba. Lakini nilimsikia. Mtu mmoja alikuwa na macho, mwingine masikio, na barua ilihitaji wote wawili.

Sasa, Waarmenia wengi wa Aintab walizungumza Kituruki majumbani mwao. Waliomba, walihesabu, walitukana na kubembeleza watoto kwa Kituruki, na walipokiandika walitumia herufi za Mashtots. Haikuwa siri ya watu wachache. Magazeti yalichapwa hivyo. Biblia nzima ilichapwa hivyo miaka ya 1840. Riwaya ya Vartan Pasha, Akabi Hikâyesi, ya mwaka 1851, ni Kituruki ndani ya herufi za Kiarmenia.

Tulikaa watatu barazani siku ya Jumapili baada ya ibada. Nilimwomba shemasi asome kwa sauti kila alichokiona, asijaribu kuelewa. Emama alikuwa akimenya vitunguu. Tangu nimjue aliniambia Kituruki hakijui. Bibi yake mzaa baba alikuwa hana lugha nyingine, lakini baba alikipiga marufuku ndani ya nyumba, na bibi alipofariki, Emama akiwa na miaka 12, kikafariki naye.

Shemasi akaanza. "Oğlum doğdu..."

Kisu kilisimama. Emama hakuinua uso. "Rudia," akasema. Shemasi akarudia. "Mwanangu amezaliwa," akasema Emama kwa Kiamhara, kwa sauti ndogo ambayo sikuwa nimewahi kuisikia kwake.

Tulimaliza kurasa zile mbili jua likiwa limeshazama. Zilikuwa ni orodha ya kuzaliwa watoto. Hapakuwa na dhahabu wala fumbo. Baba mmoja, mkono mmoja, wino unaofifia na kukolea kadiri miaka ilivyokwenda. Mtoto wa kwanza, 1866, wakati wa kuchuma zabibu. Wa pili, 1869. Wa tatu, 1874. Huyo ndiye babu yake Emama. Wa nne, 1878, na pembeni yake msalaba mdogo.

Mtoto wa kwanza na wa pili waliandikwa Topal oğlu. Mwana wa kiwete. Wa tatu na wa nne waliandikwa Terzian.

Tulisoma mara tatu kuhakikisha. Ndugu wa baba mmoja na mama mmoja, katika ukurasa mmoja, wana majina mawili ya ukoo, na jina lile lililochongwa kwenye shaba ya mlangoni lilizaliwa mahali fulani kati ya mwaka 1869 na 1874. Mimi niliyekuwa nikitafuta babu wa kale, shina la mti, nilijikuta nimefika kwa baba mwenye kalamu mkononi ambaye alibadilisha tu namna ya kuwaandika wanawe.

Emama alitaka kuunganisha palepale: kiwete hawezi kwenda shambani, basi hukaa akashona, kiwete ndiye aliyekuwa fundi. Huenda. Lakini nilikuwa nimeshachomwa na Sarkis, nikamwambia karatasi haisemi hivyo. Karatasi inasema majirani waliwaita hivi, kisha wakaitwa vile. Ninachokijua ni hali ya miaka ile. Mwaka 1863 Sultani aliidhinisha katiba ya jumuiya ya Waarmenia, iliyowapa mabaraza yao ya kusimamia makanisa na shule, na palipo na shule pana daftari. Serikali nayo ilikuwa na daftari zake za kodi na za kuhesabu wanaume, ambamo Mwislamu aliandikwa bin fulani na Mkristo akaandikwa veled-i fulani, maana ni ile ile ya mwana, kwa neno jingine la Kiarabu ili tofauti ionekane. Mtu mmoja aliweza kuwa Terzioğlu kwa mtoza kodi, Terzian kwa kasisi, na mwana wa kiwete kwa muuza nyama. Jina la mtaani hubadilika na watu wanaokuita. Linasimama siku mtoto anapopelekwa shule na mwalimu akauliza aandike nini.

Nilitegemea Emama afurahi. Usiku ule alikaa gizani barazani. Nilipompelekea shali aliniambia jambo ambalo hakuwahi kunigusia. Akiwa msichana, mwalimu wake mmoja aliwashauri wanafunzi wenye majina ya Kituruki wayageuze yawe ya Kiarmenia. Mshona nguo kwa Kiarmenia ni derdzak. Emama alirudi nyumbani akamwomba baba yake wawe Derdzakian. Alikuwa na umri wa kuelewa yaliyotendeka mwaka 1915: viongozi wa jumuiya kukamatwa Istanbul tarehe 24 Aprili, kisha miji mizima kutolewa na kuswagwa kwa miguu kuelekea jangwa la Syria, na watu wapatao milioni moja na nusu kuangamia. Aliona aibu kubeba neno la lugha ya waliotoa amri. Baba yake alikataa. Hakutoa sababu. Alisema tu kwamba jina haliguswi, na Emama alimwekea kinyongo kwa hilo mpaka siku ya maziko yake.

"Leo nimemsikia bibi," akasema. "Kwa ile sauti ya shemasi. Na nimekumbuka alichokuwa akitusimulia kwa Kituruki jikoni, baba asipokuwapo."

Waarmenia wa Aintab walianza kutolewa katikati ya mwaka 1915. Babu yake, yule wa tatu katika orodha, alifika Aleppo na mke na watoto, na kutoka Aleppo misafara ilikuwa ikisukumwa mashariki, Deir ez-Zor, ambako wengi hawakurudi. Jeshi la Waosmani lilikuwa vitani na lilihitaji nguo. Aleppo palikuwa na karakana zilizowafanyisha kazi Waarmenia waliohamishwa, na aliyeingia humo alipata karatasi ya kubaki. Siku moja askari alipita msafarani akiuliza nani ni terzi. Babu yake aliinua mkono. Alishona sare za jeshi lile lile kwa miaka mitatu, mchana na usiku, na watoto wake wakabaki hai. Vita vilipokwisha walirudi Aintab. Wafaransa walipoondoka mwishoni mwa 1921 wakakimbia tena, safari hii bila kurudi, Aleppo, Beirut, meli mpaka Djibouti, na reli mpaka Addis.

"Askari aliliita hilo neno," akasema Emama. "Kwa Kituruki. Angeita derdzak asingeinua mkono mtu. Na baba alikuwepo, mtoto, ameshika koti la baba yake."

Alikuwa na vipande vyote viwili kwa miaka sabini, hadithi ya jikoni na ukimya wa baba, na havikuwahi kukutana. Sikusema kitu. Nilikaa naye mpaka mbwa wa Piassa walipoanza kubweka alfajiri.

Wiki ile nilimpigia simu mama, Unguja. Sikumpigia kwa uchunguzi, nilimpigia kwa kuwa nilikuwa nimejaa. Mama ameshona kofia maisha yake yote. Amesomesha watoto watano kwa sindano. Nilimweleza habari za bibi wa Kiarmenia na jina lake, nikataja terzi, na kwamba Kituruki chenyewe kimelikopa neno hilo kwa Waajemi, ambao husema darzi.

"Darizi?" mama akauliza.

"Darzi, mama."

"Mwanangu, na mimi hapa nafanya nini tangu asubuhi? Si nadarizi?"

Nilikuwa nimeishi na neno hilo, la nyumbani kwetu, nisilione. Kwa Waajemi darz ni mshono. Waarabu wakalichukua, nasi tukalipokea kwao, likawa kazi ya mama: kudarizi, kutia nakshi kwa uzi. Waturuki wakalichukua kwa Waajemi, likawa fundi nguo. Waarmenia wakaliongezea akina. Nilipomweleza Emama aliniomba nirudie kwa ukamilifu, nikamchorea kwa kidole juu ya kitambaa cha meza, Uajemi hapa, njia ya huku na njia ya huku. Alitazama muda mrefu. Akauliza kama mama yangu anashona kwa uzi wa rangi gani.

Nikamwambia mweupe, juu ya kitambaa cheupe, na nakshi yenyewe ni vitundu.

Akaamka, akafungua kabati lile lile, akatoa kitambaa cha kitani cha bibi yake. Wanawake Waarmenia wa Aintab walijulikana kwa kazi hiyo: uzi mweupe juu ya kitani cheupe, nyuzi nyingine zimevutwa na kuondolewa, na mianya iliyobaki imezungushiwa uzi mmoja mmoja kwa hesabu. Nilikishika nikakiinua kwenye taa. Kama ningekiokota barabarani Ng'ambo, kwetu Unguja, ningebisha hodi nyumba ya jirani nikauliza nani kaangusha kofia yake kabla haijaungwa.

Mwezi wa Disemba msafiri mmoja aliniletea bahasha kutoka kwa mama. Ndani mlikuwa na kofia isiyokwisha, mkanda wa kuzunguka kichwa peke yake, safu tatu zimetimia na ya nne ina sindano bado. Mama alituma salamu kwamba anamwachia mwenzake amalizie, kama macho yanamruhusu.

Macho ya Emama hayakumruhusu. Aliweka mkanda juu ya magoti, akavua miwani, akaanza kuipitia safu ya kwanza kwa ncha ya kidole cha shahada, kitundu baada ya kitundu, akihesabu. Nilidhani nitasikia Kiamhara, au Kiarmenia cha kanisani.

"Bir," akasema. "İki. Üç. Dört."

Sauti ilikuwa ya mtoto anayefundishwa. Alikwenda hivyo bila kusita, kidole na neno vikienda pamoja, mpaka on yedi, kumi na saba. Hapo akasimama, akarudi nyuma kitundu kimoja, akakigusa tena.